Utepe Kwanza, Matiti Baadaye

Ninayo heshima kubwa kuutangazia umma wa Bujumbura kwamba mashine ya kuchunguza saratani ya matiti imezinduliwa rasmi, kwa kufuata taratibu zote, baada ya maandalizi ya miezi saba. Mimi ndiye Mwenyekiti wa Tume ya Maandalizi ya Uzinduzi. Tulikuwa wajumbe tisa, wanaume watupu, kila mmoja na uzoefu wake wa kuandaa.

Mashine ilifika mwezi wa tatu, ikawekwa katika zahanati moja ya Ngagara. Mtu asiyejua kazi angeichomeka kwenye umeme na kuanza kupima watu siku ileile. Sisi hatuendi hivyo. Kwetu kitu kisichozinduliwa hakipo, na bomba likitoa maji kabla ya hotuba, hayo maji hayajulikani ni ya nani. Kwa hiyo tukafunga utepe wa rangi ya waridi kwenye mlango wa mbele, tukaajiri mlinzi aitwaye Léonce, tukamwandikia mkataba: alinde utepe usiku na mchana.

Mwezi wa nne, asubuhi moja nikinywa chai, mke wangu Elvire alikuja akasimama mbele yangu.

"Papa Loïc, nimeshika kitu hapa kwa titi. Iko kigumu kama haragwe. Haiume, lakini haitoke."

Sitaficha, niliogopa. Chai ilinimwagikia kwenye suruali. Lakini nikakumbuka cheo changu.

"Mama Loïc," nikamwambia, "mke wa mwenyekiti akiingia kabla ya utepe kukatwa, watu watasema nini?"

"Watasema amepimwa."

"Watasema upendeleo! Subiri. Uzinduzi ni tarehe kumi na tano."

"Sawa," akasema.

Nilikwenda kazini kifua mbele. Si kila kiongozi anaweza kumnyima mkewe kitu kwa ajili ya umma.

Tarehe kumi na tano Mgeni Rasmi alisafiri. Mwezi wa sita iligundulika kwamba utepe ulikuwa umepigwa na jua hadi ukawa rangi ya papai, ikabidi iundwe tume ndogo ya rangi. Mwezi wa saba Mgeni Rasmi alikuwepo, lakini mahema yote ya mji yalikuwa kwenye harusi. Kila mara nilimjulisha Elvire kwa mdomo, na kila mara alijibu "sawa", halafu akawa hajibu.

Mwezi wa nane aliingia ofisini kwangu mama mmoja wa Buyenzi, Zubeda, muuza vipuri vya magari, mikono yake bado ina grisi.

"We ndiye shefu wa utepe?"

"Mwenyekiti wa Tume."

"Wanamuke wa kwetu wananituma. Ile mashini itaanza lini?"

"Maandalizi yamefikia hatua ya kuridhisha."

"Baba, mi nauzaga breki miaka makumi mbili. Mutu akileta gari inalia, simwambie aende angoje sherehe."

"Mama, gari na titi ni sekta mbili tofauti."

Alinitazama, akacheka mpaka akashika meza. "Haya, shefu. Andika kwamba tunangoja." Nikaandika: wananchi wameridhika.

Mwisho wa mwezi wa tisa Elvire akaniaga: anakwenda Kinanira kwa wiki mbili kumsaidia dada yake aliyejifungua. Nikampa ruhusa mara moja. Siku hizo nilikuwa napanga viti, na hakuna kazi inayochosha kama kupanga viti vya wakubwa.

Siku ya uzinduzi ikafika, mwezi wa kumi. Mgeni Rasmi alichelewa kwa saa tatu tu. Hotuba zikasomwa, utepe ukakatwa, Léonce akafuta machozi maana mkataba wake uliishia hapo. Tukaingia ndani na makamera yote, umati nyuma yetu. Mgeni Rasmi akamuuliza Dévote, muuguzi wa pale, kwa sauti ya televisheni:

"Na leo mtaanza na wanawake wangapi?"

Dévote akafungua daftari. "Muheshimiwa, tumefika mia mbili na kumi na nne."

Mtu mmoja akakohoa.

"Wamepita wapi?" nikauliza.

"Mulango wa nyuma, Mésié. Toka mwezi wa nane."

Nikamwita mlinzi. "Léonce! Ulikuwa wapi wewe?"

"Mbele, shefu, nalinda utepe. Uliza watu wote. Haikukatika hata uzi moja!"

"Kufuli ya nyuma ilikuwa na kutu," Zubeda akasema kutoka kwenye umati, kama mtu anayetoa taarifa ya kawaida. "Niliipaka mafuta, ikakubali."

Hali ilikuwa inaharibika. Ili kuokoa ratiba, nikashika maikrofoni na kumwita mbele mnufaika wa kwanza, mke wangu mwenyewe, kama zawadi ya uvumilivu wake. Elvire akaja polepole. Akapokea maikrofoni kwa mkono wa kushoto, wa kulia ameubana ubavuni.

"Asante. Lakini mi si wa kwanza. Mi ni namba tatu. Dévote alinipima, nikatumwa kwa daktari, wakakuta kansa. Ilikuwa ingali ndogo. Wamenipasua siku kumi na tisa zimepita. Daktari alisema ningengoja mpaka leo, angeniambia maneno mengine."

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba dada yake wa Kinanira ana miaka hamsini na sita.

Wanawake walipiga vigelegele. Walimpigia Elvire, wakampigia Dévote, wakampigia hata Zubeda na mafuta yake. Mgeni Rasmi akakunja hotuba yake ya pili, akaniinamia sikioni. "Mwenyekiti, mkeo amepasuliwa, we hukujua?"

Tume yangu ilikuwa na majibu ya maswali arobaini na mawili, yamepigwa chapa, yamewekwa kwenye faili. Hilo halikuwemo. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, na nililia, mbele ya makamera, nikiwa na beji kifuani.

Jioni redio ilitangaza kwamba Mwenyekiti alilia kwa furaha kutokana na mafanikio ya Tume. Elvire alinyanyuka akaizima.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza.

"Nilikuambia. Ulikuwa unakunywa chai."

Alijipapasa bandeji juu ya gauni. Niliogopa kumwangalia, nikamwangalia.

"Kesho saa mbili nabadilisha bandeji," akasema. "Utanipeleka, ama kuna mkutano?"

Mkutano ulikuwepo, tena wa tathmini, na mimi ndiye mwenye kuufungua. Nikamwambia hakuna.