Mandazi ya Gulshan Yapigwa Marufuku

Jumatatu, 3 Machi 2014. Malvern.

Theluji tena huku ughaibuni. Redio imesema kule Uingereza kampuni za intaneti zinawauliza wateja kama wanataka picha za uchi zizibwe hukohuko kwenye kampuni, zisifike nyumbani kabisa. Nimeweka kikombe chini. Hii ndiyo ngazi yangu! Mzee Roshanali anaacha uenyekiti wa Chama cha Wazee wa Tabora tuliohamia huku, na uchaguzi ni mwisho wa mwezi. Mpinzani wangu ni Murad wa Markham, mji jirani, mtu wa kompyuta, mwenye gereji ya magari mawili na asiyekuacha uisahau. Mimi nina nini? Miaka mingi ya kuuza bima, na sauti nzuri. Sasa nina sera.

Nimeipigia simu kampuni ndogo inayotupa intaneti, ofisi ya chama pamoja na nyumba za wanachama karibu wote. Wamesema chujio wanalo, lakini mwenyekiti mwenyewe ndiye aombe. Nikawaambia mwenyekiti ndiye anayeongea. Si uongo. Ni ukweli uliowahi kufika.

Gulshan, mke wangu, hakunisikiliza. Ana lake. Jumamosi kamati inachagua nani apike karamu ya Navroz, mwaka mpya wetu. Kila mwaka anaomba, kila mwaka anapewa Zeenat, mke wa Murad. Safari hii binti yetu Naheed amemtengenezea ukurasa wa mtandao wenye picha za mapishi yake, na kamati itaufungua mkutanoni. Amesema akikosa tena, hatampikia mtu wa nje maisha yake yote. Gulshan hasemi neno mara mbili.

Jumatano, 5 Machi.

Chujio limewashwa. Swali limeninyima raha: mashine inajuaje kwamba mtu yuko uchi? Nimempigia fundi wa kampuni, anaitwa Tomasi, Mkongo wa Lubumbashi, Kiswahili chake kinateleza. Kasema mashine haijui aibu. Inapima rangi tu. Picha ikijaa rangi ya ngozi, tena yenye umbo la mviringo, inazibwa. Nikauliza ngozi ya nani. Kasema ya wote, kuanzia yake mpaka yangu. Nikauliza habari za kiwiko. Nikauliza upara. Kasema kuna wateja wengine wanasubiri.

Alhamisi, 6 Machi.

Lazima mlinzi ajaribu lango lake. Nimeandika neno moja kwenye kompyuta, sitalirudia hapa. Maandishi mekundu: UMEZUIWA, UCHI. Safi sana. Nikajaribu neno la pili. Nikajaribu na la tatu, kwa ajili ya jamii. Naheed akaingia. Nilimweleza kwa Kiswahili kwamba huu ni utafiti. Alijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba hajaona kitu na hataki kuona. Akafunga mlango polepole, kama wa chumba cha mgonjwa.

Jumamosi, 8 Machi.

Siku mbaya. Nianze na pazuri: nilisimama mkutanoni nikatangaza chujio, nikapigiwa makofi. Murad alikunja uso. Roshanali aliuliza nani aliliomba, nikapiga chafya.

Kisha wakafungua ukurasa wa Gulshan kwa projekta, maandishi mekundu yakajaa ukuta mzima. UMEZUIWA, UCHI.

Gulshan alikuwa mstari wa mbele, na shali yake ya harusi za watu. Zeenat alitazama sakafu. Roshanali akasema suala hili liahirishwe wiki moja, tena kwa sauti ya msibani.

Garini Gulshan aliikunja shali yake. Tulipofika mlangoni ameniuliza nimefanya nini. Nimemwambia ni Murad, ametutilia mchanga kitumbua ili mkewe apike. Baadaye nimewapigia wazee kadhaa kuwaambia hivyohivyo. Vita ni vita.

Jumapili, 9 Machi.

Simu hazikomi. Mama mmoja amemuuliza Gulshan, kwa upole mno, kama nyumbani kuna shida inayomlazimisha kupiga picha za namna hiyo. Gulshan amejibu vizuri, amekata simu, kisha amelia, ameegemea jokofu. Aproni yake ameikunja akaitia kwenye mfuko wa nguo za kugawa. Nimeumia. Nimeumia kweli.

Jumatatu, 10 Machi.

Utafiti. Nimetia picha za mapishi yake mtandaoni mojamoja, nione mashine inataka nini. Bamia, ruhusa. Kachumbari, ruhusa. Chapati, marufuku. Mandazi mawili yamekaa pamoja, marufuku. Lile donge la unga linaloumuka huku limefunikwa nusu kwa kitambaa cheupe lilizuiwa kabla sijaondoa kidole. Nikatafuta ukurasa wa Zeenat: mchicha, chatne ya kotmiri, pilipili za kujaza. Kijani kitupu. Kwa hiyo Murad hana kosa, na hilo limeniudhi kuliko yote.

Nimemwomba Tomasi aufungue ukurasa wa mke wangu. Anataka mwenyekiti athibitishe kwa kufika ofisini, na kitambulisho. Yaani nimwendee Roshanali nimweleze kwamba nilijiita yeye. Kwaheri uchaguzi. Nimeamua kutafakari.

Alhamisi, 13 Machi.

Bado natafakari. Gulshan ananiandalia mkate wa dukani.

Jumamosi, 15 Machi.

Mkutano. Gulshan alikaa karibu na mlango, koti hajavua. Nilimtazama, nikasema basi, nasema ukweli, liwalo na liwe. Nilikuwa nimeshainuka nusu Roshanali alipotangulia. Akasema ukurasa wa Gulshanbai hauna ubaya wowote, ni mandazi matupu, na donge la unga chini ya kitambaa.

Murad akauliza ameuonaje ilhali umezibwa. Roshanali akafuta miwani yake. Eti alikuwa anapita maktaba, kompyuta ilikuwa wazi, akaona ahakikishe. Anwarali, mweka hazina, akasema si donge moja, ni mawili. Yeye aliuona kwa mwanawe, mtaa wa Mount Dennis, bahati tu. Mzee mwingine akawasahihisha wote: la pili ni mkate wa kumimina, uko chini, baada ya kalimati. Murad mwenyewe alitaja iliki juu ya chapati za maji, kisha akatamani asingetaja.

Wote walikwenda kuchungulia. Wote!

Gulshan akasimama. Akamuuliza kila mmoja, kwa heshima na kwa jina lake, alitarajia kukuta nini. Roshanali akaomba kura haraka. Mikono yote juu, na wa kwanza ulikuwa wa Zeenat, aliyesema amechoka kulisha watu wasioosha hata sahani.

Njia nzima ya kurudi Gulshan alicheka mpaka akafuta machozi. Halafu akaniambia Tomasi alipiga simu nyumbani Jumanne, akimtafuta Bwana Mwenyekiti. Amejua tangu siku hiyo. Jana alikwenda naye Roshanali mpaka kwenye kampuni, na tangu asubuhi ukurasa wake peke yake umefunguliwa. Mwenyekiti amenisamehe kwa ombi lake. Sharti moja: nisukume chapati zote za Navroz, na nisiguse kitu chenye waya. Nimembusu mkono. Nimeapa.

Jumapili, 16 Machi.

Nimesukuma chapati za majaribio tangu asubuhi. Mikono ikifanya kazi, akili inapata nafasi. Nimejiuliza: Murad amebandika sera zake mtandaoni tangu Januari, nani amezisoma? Hakuna. Ukurasa wa Gulshan ulizibwa wiki moja tu, chama kizima kikautafuta mpaka maktaba. Kumbe mgombea anayetaka kutazamwa hana budi kuzibwa.

Gulshan alipokwenda kuoga nimebandika picha yangu ya kampeni. Imepita. Nimevua kofia, nikapiga nyingine. Imepita. Koti, tai, yote nimetoa, na mashine bado inaniona mtu wa heshima.

Kesho Gulshan anakwenda kununua unga. Nitajaribu bila shati.