Ndege ya Daktari wa Meno Lazima Itoke Ijumaa

Jumatatu, 13 Oktoba

Fundi wa injini hapokei simu. Siku nne zimebaki. Ndege ya Folke Sandelius, daktari wa meno wa hapa Årjäng, iliingia Sweden mwaka jana kutoka Marekani kwa kibali cha muda. Haikulipiwa ushuru, kwa sharti kwamba ifikapo Ijumaa hii iwe imevuka mpaka. Wakala wa forodha aliyetia sahihi ni mimi. Isipotoka, nanyang'anywa leseni. Miaka thelathini na mmoja ya mihuri!

Tarehe niliichagua mwenyewe. Katikati ya Oktoba ni wiki tulivu. Simu ya ofisi hailii hata mara moja. Leo nimejua kwa nini. Msimu wa kuwinda kulungu wakubwa, wale wenye pembe kama masinia, umefunguliwa alfajiri, kama kila mwaka wiki hii. Fundi yuko msituni. Rubani yuko msituni. Injini iko juu ya meza, vipande sitini na kimoja. Mke wangu Barbro aliuliza mtu aliyezaliwa mkoa huu wa Värmland anasahauje uwindaji. Nilimjibu kwamba mimi sili nyama ile.

Jumanne, 14 Oktoba

Mpango wa kwanza. Katika kitabu cha forodha, ndege na vyombo vya angani, yaani roketi na setilaiti, vimo katika sura moja. Nilimpigia Märta wa forodha ya mpakani, nikapendekeza ndege ya Folke ihesabiwe chombo cha angani, maana chombo cha angani hakiwezi kubanwa na tarehe. Aliuliza kama kinakwenda mwezini. Nikasema si kwa sasa. Alicheka muda mrefu kuliko inavyofaa mtumishi wa serikali, kisha akasema Ijumaa ni Ijumaa, na ofisi yake hufungwa saa kumi jioni.

Gun-Britt Öhrn, wakala mwenzangu wa mlango wa pili, alisikia yote. Ukuta ni mwembamba na yeye hana haya. Wakati wa kahawa alinisogezea andazi la mdalasini. "Kula, mzee mwenzangu. Siku ukifunga duka, makabati yako nayataka. Hasa lile la kijani."

Andazi nililila. Lilikuwa zuri. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Jumatano, 15 Oktoba

Mpango wa pili, nao ni wa akili nyingi. Kibali kinasema ndege itoke. Hakisemi iruke! Norway si mbali. Itavutwa kwa trekta.

Wenye matrekta wote wako msituni, isipokuwa Hjördis, mjane wa miaka themanini na mmoja, aliyegombana na kikosi cha wawindaji mwaka 1998 kwa sababu ya mgawo wa paja la kulungu. Nilikwenda kwake nimevaa tai. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Yaani, Ragnvald, nikuvutie ndege mpaka Norway, igeuzwe, irudi?"

Nikasema naam.

"Na wale wapumbavu wa msituni watatuona?"

Nikasema barabara inapita mbele ya kambi yao. Akaanza kutafuta funguo. Malipo yake ni keki ya lozi. Nzima, si kipande.

Alhamisi, 16 Oktoba

Tumefungua mabawa na kuyapanga juu ya tela. Folke ana mazoea ya kazi yake: kwa kila skrubu aliyoing'oa, aliiambia ndege ivumilie kidogo. Bawa la kushoto limepata mkwaruzo. Nilimweleza kwamba lilikuja nao kutoka Marekani. Alikumbusha kwamba nilikuwa nimekalia bawa hilo.

Jioni nilimkuta Gun-Britt ofisini kwangu na futi mkononi, akipima kabati la kijani.

Ijumaa, 17 Oktoba

Tuliondoka saa saba mchana. Nilikuwa nimesahau jambo dogo. Ijumaa Wanorway huja upande wetu kununua nyama ya nguruwe na peremende kwa bei nafuu, kisha wote hurudi kwao kwa barabara hiyohiyo. Mbele yetu foleni ndefu. Nyuma yetu, kwa sababu yetu, foleni ndefu zaidi.

Kwenye kambi ya wawindaji Hjördis alipiga honi mara tisa. Walitoka wote na vikombe vyao, fundi akiwa miongoni mwao. "Mzee!" alipaza sauti. "Si ungesema tu ni haraka?" Nilikuwa nimempigia simu mara ishirini na mbili. Mnorway mmoja alishusha kioo, akauliza kama siku hizi hata ndege ni rahisi Sweden.

Saa kumi kasoro dakika nne, Märta aligonga muhuri. Imetoka! Tuligeuza katika maegesho ya upande wa Norway. Hjördis alikula keki. Dakika kumi na moja baadaye tulikuwa tena mbele ya Märta, naye amekwisha kuvaa koti. Aliuliza ndege hii inatoka wapi. Nikasema Norway. Alinitazama, akaketi na koti lake, akatoa fomu mpya ya kibali cha muda. Alionya kwamba hii ndiyo mara ya mwisho: safari ijayo tarehe ikipita hata kwa saa moja, atakuja kuichukua leseni yangu kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akanipa kalamu niandike siku ya kutoka.

Jumamosi, 18 Oktoba

Ushindi. Nimemwandikia Gun-Britt kwamba kabati haliuzwi. Amejibu kwamba ana subira.

Asubuhi, tukinywa kahawa, Barbro aliuliza nimeandika tarehe gani. Nilimweleza kwamba safari hii sikukurupuka. Nilitafuta wiki tulivu kuliko zote katika mwaka, wiki ambayo simu hailii hata mara moja. Jumatatu, 12 Oktoba mwakani.

Barbro aliitazama kalenda ya ukutani. Akaweka kikombe chini, akaenda sebuleni kumpigia simu Hjördis. Nilimsikia akisema keki nzima, si kipande.

Sijui wanasherehekea nini.