Nyusi za Mama Sorsing

Jumatatu, 8 Julai

Umaskini, kwaheri! Programu imekamilika. Uso wa Mama Sorsing, dalali wa samaki hapa gatini, sasa uko ndani ya kompyuta yangu. Nimeutengeneza kwa picha nilizompiga kwa siri miezi miwili. Nagusa hapa, unanuna. Nagusa pale, unatabasamu. Kwetu hakuna kunadi kwa kelele: kila mnunuzi anamnong'oneza dalali sikioni, aliyetaja bei kubwa anachukua mzigo. Mama hasemi neno. Lakini nyusi zake, jamani, zinafichua kila bei! Nimeunda na wanunuzi bandia kumi na wawili, wananong'ona kutwa kucha. Mmoja nimempa jina la mpinzani wangu, Mzee Teroy, ili nimshinde kila siku.

Jumatano, 10 Julai

Dada Perlita kanipa mtaji wote wa meza yake ya samaki, peso elfu sitini. Eti nikiupoteza, atarudi Hong Kong kufua nguo za watu, na wanawe watatu nitabaki nao mimi. Akauliza kama kompyuta imewahi kuuza hata dagaa mmoja. Dharau hiyo!

Mzee Teroy, anayenunua samaki hapa kwa miaka thelathini sasa, kaniuliza mbele za watu mbona namkodolea macho mama wa watu, au napeleka posa. Gati zima likacheka. Wacheke tu.

Ijumaa, 12 Julai

Dhoruba. Boti tatu hazijarudi, mojawapo ya Rodel, mwanawe Mama Sorsing. Mama siku nzima kaitazama bahari, nyusi hazitulii. Zimenivurugia vipimo vyote. Nikamwomba ageukie kwenye mwanga kidogo. Akanipa kisogo.

Jumamosi, 13 Julai

Nimeshinda. Yaani nimekwisha.

Mabeseni kumi ya vibua, mzigo pekee wa leo. Mzee Teroy akaja mbio, akainama sikioni kwa Mama. Uso ukabadilika: nyusi zote mbili juu, mdomo wazi, mashavu yanatetemeka. Kwenye programu yangu, uso ule hutokea mtu akitaja bei ya kufuru. Nikajua mzee anataka kuzoa vyote! Nikampiga kikumbo, nikanong'ona: elfu sita kila beseni. Mama kama hasikii. Nikarudia kwa nguvu, mpaka karani akasikia na kuandika.

Mzee Teroy hakuwa ametaja bei. Alikuwa amemwambia boti ya Rodel imeonekana imepinduka, haina mtu.

Hakuna mwingine aliyenunua. Mama alikuwa chini, wanawake wanampepea. Mzee Teroy akaniambia polepole, nenda nyumbani, mwanangu. Nilitamani ardhi inimeze. Barafu nayo hakuna; wauzaji wote wameingia baharini kumtafuta Rodel.

Jumanne, 16 Julai

Vibua vimeoza. Tumevizika nyuma ya nyumba. Dada hajanitukana, bora angenitukana. Asubuhi kavaa viatu vyake vizuri, kaenda kwa wakala kuuliza safari ya Hong Kong. Mwanawe wa mwisho kanishika suruali, kauliza nani atampikia wali.

Jioni matangani kwa Mama Sorsing. Mwili haukupatikana; jeneza hakuna, picha tu. Biskuti, kahawa, watu wanacheza karata. Mama akaniita, akanishika mkono. Kasikia nina uso wake kwenye kompyuta. Akaniuliza, je, naweza kumtengenezea wa Rodel? Acheke kidogo tu.

Rodel alikuwa kando yake katika kila picha, amebeba beseni. Nilimkata kwenye zote, ili nyusi zionekane vizuri. Sikuweza kumwambia. Nikasema nitajaribu. Akalia, nami nikalia.

Lakini nikamtazama: nyusi juu, mdomo wazi. Uso uleule wa Jumamosi! Kumbe kasoro ilikuwa ndogo. Nimeshaongeza kitufe cha msiba, sasa programu haiwezi kukosea tena.

Kinachokosekana ni mtaji. Wakati naaga, Mzee Teroy alinitazama kwa muda mrefu: nyusi chini, macho yamelegea, kichwa kinatikisika taratibu. Nimekagua kwenye programu. Huo ni uso wa mtu aliye tayari kukopesha. Kesho alfajiri namwendea.