Ndege ya Kivita ya Mowlem

Wakazi wa mtaa wa Mowlem walitangaziwa kwa kipaza sauti kwamba anga yao sasa inalindwa na ndege ya kivita isiyoonekana kwa rada wala kwa macho, na kwamba yeyote atakayedai ameiona atashtakiwa kwa kueneza uvumi. Tangazo lilitungwa na Nabiswa mwenyewe, Mratibu wa Mikakati ya Anga, na lilimpendeza hata akalisoma mara mbili.

Haja ilikuwepo, msicheze. Kila lori la kanjo, askari wa jiji, lilipokunja kona, akina mama walikuwa washapigiana mbinja kutoka roshani hadi roshani, na wachuuzi washayeyuka na bidhaa zao. Ulinzi wa kisasa namna hiyo, jamani, unataka ndege ya kisasa. Basi ikaletwa droni nyeusi tii, pana kama sinia la pilau, yenye chupa ya rangi ya kuwapulizia wachuuzi alama ili wakamatwe polepole.

Siku ya uzinduzi ilipaa kimya, ikazipita mbinja zote, ikajitia kwenye kamba ya nguo ya Ambaro, muuza sambusa wa ghorofa ya nne. Ikaning'inia hapo kati ya shuka na soksi.

Nabiswa alipanda ngazi mbio, roho mkononi. Mkurugenzi, mkubwa wake, alikuwa njiani kuja kuikagua, na bila ndege hakuna kazi. Akambembeleza Ambaro amruhusu aichukue ndege yake.

"Ndege gani?" Ambaro akauliza.

"Hiyo hapo, mama. Si unaiona?"

"Niione nishtakiwe?" Akabana soksi nyingine kwenye bawa. "Kwani wewe unaiona, afisa?"

Maskini Nabiswa, sheria ni yake mwenyewe. Akashuka mikono mitupu, akamkuta Mkurugenzi chini, maji ya soksi yakimdondokea kiparani.

"Nabiswa, mbona siioni?"

"Iko hapa mbele yako, mkubwa."

Mkurugenzi aliitazama hewa kwa makini, akaipapasa, akaridhika mno. Teknolojia imekomaa, akasema, hata kwa vidole haihisiki.

Ambaro naye akateremka na jiko na beseni lake.

"Wazee, songeni kidogo. Mmesimama penye biashara yangu."

Wakainama wote wawili, wakaikamata ile hewa, mmoja bawa la kulia, mwenzake la kushoto, wakaivusha mtaro taratibu. Mkurugenzi alimwonya Nabiswa asiikwaruze.