Mabati ya Darasa la Nne

Maxwell wa Migori alikuwa akipita Rangwe kwa shughuli zake zisizo na jina alipoona mabati arobaini mapya kwenye ua wa shule ya msingi, kando ya kuta zilizoishia kiunoni. Wazazi walikuwa wameyanunua, wakaishiwa kabla ya kupata mchanga, mawe na mbao. Mwingine angewahurumia watoto. Maxwell alienda kuazima tai.

"Mimi ni wa kampuni inashirikiana na serikali kuinua elimu," alimwambia Benta, mwenyekiti wa wazazi. "Hizi mabati tupeleke Homa Bay zipigwe muhuri. Zikirudi, kampuni inaongeza zingine mara mbili."

Benta alimkaribisha kwa kuku, akangoja anawe mikono.

"Wazazi wa hapa ni wagumu, ndugu yangu. Lazima waone mshirika ameshika kazi. Leta lori, ubebe mchanga kidogo tu, halafu uende na mabati."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Maxwell alimnasa Omondi, mwenye lori la miwa kule Awendo, kwa ahadi ya kumlipa kazi ikiisha. Safari moja ya mchanga ikawa tano. Kila alipoulizia mabati, Benta alimtuma mawe, kisha mbao, akisema wazazi wanaanza kulainika, naye Maxwell akavikopa vyote kwa ahadi ile ile. Na kuku hakukosekana.

Mwishowe Benta alimwambia aje kuchukua mabati baada ya wiki mbili. Aliporudi alikuta wazazi wamesimamisha kuta na mabati yote yako juu, yamepigiliwa misumari.

"Mama, na muhuri?"

"Ngazi ndio hiyo. Panda ukapige."

Maxwell aliitazama ngazi.

"Ofisi ya elimu niliwapigia simu siku ile ya kwanza," Benta alisema kwa upole. "Hawakujui. Lakini polisi wangekuweka ndani, nani angetuletea mchanga?"

Mvua ikashuka. Ni mvua hiyo iliyokuwa ikirudisha darasa la nne nyumbani kila alasiri. Maxwell alibaki uani akilowa, ana hasira, na chini ya hasira ana aibu, kitu alichokuwa amekisahau.

"Ingia, baba," Benta alimwita. "Hii paa ni yako pia."

Aliingia akajibana kwenye dawati la nyuma. Watoto wa darasa la nne waliendelea kusoma bila kutazama juu. Omondi alikuwa ameshafika kudai malipo yake, amesimama mlangoni, na darasa lile lilikuwa na mlango mmoja tu.