Vita vya Kumfumbua Macho Mzee Heriel

“Ifute!”

“Haifutiki, Mama Candida.”

“Siku hizi kila kitu kinafutika. Ifute hiyo, umpige nyingine, na safari hii awe amefumbua macho!”

Enyi wenye masikio, punguzeni moto chini ya sufuria, waiteni na walio uani, kwa maana hapa ndipo inapoanza habari ya Badria binti Abdulkadiri, mama wa watoto watatu, karani wa duka la dawa Mchafukoge, mbeba kamera ya mkanda, ile ya zamani isiyojua kufuta picha, yeye aliyesimama Jumapili alasiri katika ukumbi mmoja wa Kariakoo, chini ya jukwaa, akishambuliwa na mke wa mtu yule yule ambaye yeye Badria alikuja kumpiga picha.

Na mtu huyo alikuwa Mzee Heriel, simba wa gitaa, mfalme wa bluzi toka Msimbazi hata Jangwani, ambaye kwa miaka arobaini alipiga nyimbo za huzuni mpaka wauza vitenge wakalia siku waliyouza vizuri. Siku ile alikuwa akiaga. Vidole vimekataa, daktari amesema yake, na Jumanne angerudi Machame kulea migomba. Nao ulimwengu haukuwa na picha yake hata moja akipiga gitaa na macho yakiwa wazi. Ndiyo ilikuwa desturi yake: nyuzi zikiguswa huyafumba, wala hayafumbui mpaka wimbo uishe na gitaa liwekwe chini. Simu mia zilimwelekea, na simu mia zikarudi na picha ya mtu aliyelala kwa kusimama.

Basi Mama Candida, mkewe, mzee wa kanisa, mwenye sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya mto, alikuwa amemwendea Badria wiki iliyotangulia akamwambia, “Mama Ismail, picha ya harusi yetu ilipigwa kwa mkanda, na mpaka leo iko ukutani. Za simu zinakufa na simu. Nataka moja ya kuiweka kando ya ile, yuko na gitaa lake, yuko hai. Sitatundika sebuleni mume anayefanana na marehemu.” Badria akaapa kwamba ataileta.

Na sasa alikuwa amefyatua thelathini na tano. Alipigana upande wa kulia, akapigana upande wa kushoto, akachuchumaa chini ya spika hata sikio likafa ganzi. Akavizia kati ya ubeti na ubeti, kama jeshi linavyovizia lango la ngome, na lango halikufunguka. Kidirisha cha kuhesabia kilisema imebaki moja. Mkanda wa pili hakuwa nao. Huu mmoja aliuagiza, akaungoja miezi miwili.

“Imebaki moja,” akanena. “Na huu unaoanza ni wimbo wa mwisho.”

“Moja! Hizo thelathini na tano umezifanyia nini? Ulikuwa unampiga picha au unamkonyeza?”

“Nilikuwa nampiga picha mumeo, mama, anayesinzia kazini.”

Akageuka, akaliendea jukwaa. Na penye ngazi alisimama Fikirini, mlinzi wa ngazi tatu, mwenye kifua cha mlango wa ghala, akainua mkono akasema:

“Simama, dada mwenye kamera! Hapa hapandi mpiga picha, awe wa gazeti, awe wa harusi. Hapa hupanda anayekwenda kumtunza mwanamuziki, kumpepea, kumvisha kanga, kumfuta jasho. Huyo mimi simzuii, kwa kuwa kumzuia anayetunza ni kumtukana anayepiga. Wewe una nini cha kumtunza?”

“Nina kamera.”

“Kamera haitunzi. Rudi nyuma, unaziba watu.”

Badria akarudi nyuma, hakukimbia. Akamtazama mzee, jasho likimtiririka mpaka kwenye kola, akafikiri kama afikirivyo mama saa kumi na moja alfajiri siku ya shule: kelele hazimwamshi mtu. Kinachomwamsha ni kitambaa cha maji baridi.

“Mama Candida, panda ukamfute jasho.”

“Mimi? Jukwaani? Kwenye dansi?”

“Mimi nahitaji mikono miwili, mmoja wa kulenga na mmoja wa kufyatua. Wewe yako yote iko wazi.”

Mama Candida akavuta pumzi ndefu, akahutubia. “Mama Ismail, sikiliza. Miaka arobaini nakaa kiti cha ukutani na chupa ya chai. Wanawake wa mji huu wote wamempandia huyo jukwaani, wamemfuta jasho, wamempepea, na mimi natazama feni. Sijakanyaga pale. Nilisema sitakanyaga.”

“Na katika hao wote, aliwahi kumfumbulia macho nani?”

Mama Candida akavua pochi begani. Ubeti wa mwisho ukaanza.

“Shika pochi yangu.”

“Mikono miwili, mama.”

“Basi ivae.” Akamtundikia pochi shingoni, akaivua kanga ya mabegani, akaimwagia maji ya chupa yaliyotoka kwenye barafu, akaikamua mara moja, akaenda. Hakucheza, hakutingisha bega. Alikwenda kama anayekwenda kuzima pampu.

“Unakwenda kutunza, mama?” akauliza Fikirini.

“Nakwenda kumwosha mume wangu uso. Pisha.”

Na mlinzi wa ngazi tatu akapisha.

Akampangusa paji la uso, mzee akaendelea kupiga. Akampangusa mashavu, mzee akaendelea kupiga. Ndipo akamshika kidevu, akamsugua nyuma ya masikio bila huruma, kama mtu amwoshavyo mtoto kabla ya ibada. Na gitaa, ambalo halikuwahi kukosea mbele ya watu, likakosea.

“Mama Candida?” akasema Mzee Heriel. “Umepanda?”

Badria akafyatua.

Basi na iandikwe, na waliokuwa wakitafuta viatu chini ya viti wajute: siku ya Jumapili, alasiri, Kariakoo, kwa muda wa sehemu moja ya sitini ya sekunde, macho ya Mzee Heriel yalikuwa wazi, na aliyekuwa mbele yake alikuwa mkewe.