Mwenye Mlima wa Nyalubunda

Jumapili ile ya mwaka 1999, misa ilipokwisha, Apollinaire alimsikia Maman Eulalie akilalamika kwenye ngazi za kanisa, na masikio yake yakasimama.

"Vita hii imenichokesha," maman aliwaambia wenzake. "Nataka fasi moja tu ya kupumzika, kule ku milima, bila masasi ya bunduki. Natoa hata ngombe yangu."

"Hata ngombe?" Apollinaire aliuliza kabla hajasalimia.

"Hata ngombe."

Tuelewane hapa. Mwaka ule Bukavu ilikuwa na ng'ombe wachache kuliko mapadri. Huyu wa Maman Eulalie, muuza vitenge tajiri wa mtaa wa Muhumba, alilala ndani ya gereji huku Peugeot ikilala nje. Na Apollinaire alikuwa na shida ya ng'ombe, tena ya haraka. Mélanie alikuwa amemkubali, lakini baba yake, Papa Théodore, alikuwa amesema wazi: ng'ombe asipoingia uani kwa miguu yake minne kabla ya Pasaka, binti ataolewa kwingine. Apollinaire alikuwa na suti moja na ulimi mmoja, na Pasaka ilikuwa mlangoni.

Kesho yake akabisha hodi Muhumba.

"Maman, unajua Nyalubunda?"

"Iko wapi?"

Apollinaire alifumba macho kwa huzuni ya mtu aliyezaliwa huko. Hakuna aliyezaliwa huko. Mji wenyewe ulizaliwa dakika chache zilizopita, alipokuwa akipanda mteremko akihema.

"Muji ya dhahabu, maman, juu kabisa, nyuma ya Luhwindja. Babelge njo balijenga. Balileta batu ba kila fasi, elfu kumi, na cinéma, na tennis. Dhahabu ikaisha, batu bakaenda. Sasa zile nyumba za baingénieur njo chalets za kupumzika. Mayi ya moto inatoka mu mawe, unaoga bila makala."

Neno "makala" lilimgusa maman moyoni, maana makaa yalikuwa ghali. "Na nani atanifulia madrap ya kitanda?"

"Kulibakia batu elfu tatu, maman. Bote banajua kufua."

"Tutaenda kuiona siku gani?"

"Barabara imefungwa. Vita."

Na ilikuwa kweli! Kwa niaba ya waongo wote wa Kivu, msimulizi anaishukuru barabara iliyofungwa. Lakini Maman Eulalie hakuwa mjinga, alikuwa na tamaa tu.

"Muji ya batu elfu tatu, na vita hii, hakuna hata mumoja alikimbilia huku? Niletee mwenye mulima. Mi sinunuake udongo kwa mutu ya suti."

Basi Apollinaire akaenda mtaa wa Kadutu kumtafuta Lucien, mwimbaji wa kwaya. Kila Ijumaa Kuu Lucien aliigiza Pilato, tena vizuri mno, hata wauza nyanya walikataa kumuuzia mpaka Pentekoste.

"Utakuwa mwenye mulima," Apollinaire alimwambia. "Utasema kidogo tu, nitakupa kasha ya bia."

"Babu yangu alikufa na nini?"

"Babu gani?"

"Ule wa Nyalubunda. Siwezi kulia kama sijui."

Siku ya siku, Lucien aliingia saluni ya Muhumba na fimbo mkononi na kibuyu cha kasiksi, pombe ya ndizi, kwapani. Alieleza jinsi babu yake alivyotumbukia katika shimo la dhahabu siku ileile cinéma ilipofunguliwa, na tiketi mfukoni. Maman Eulalie akalia. Majirani wawili walioitwa kuwa mashahidi wakalia. Apollinaire, aliyekuwa akijua babu huyo ametengenezwa Jumanne, naye akalia.

Maman akajifuta uso, akauliza, "Apollinaire, mbele ya hawa mashahidi: huyu njo mwenye mulima?"

"Njo yeye, maman. Hakuna mwingine!"

Maman akachukua kamba ya ng'ombe na kuitia mkononi mwa Lucien.

Kila mtoto wa Bushi, nchi ya Washi, anajua kalinzi: udongo huombwa kwa ng'ombe, na ng'ombe huyo hupewa mwenye mlima mbele ya mashahidi. Aliyewakutanisha hupewa kinywaji. Apollinaire alilijua hilo tangu utotoni, lakini kwa kuhangaika kujenga mji mzima peke yake, alikuwa amelisahau. Akapewa kibuyu.

Nje ya lango alimshika Lucien mkono. "Leta kamba."

"Kamba gani? Hii kalinzi ya babu yangu?"

"Hauna babu!"

"Sema kwa nguvu. Maman hajakusikia."

Maman Eulalie alikuwa amesimama langoni, akiwapungia mkono.

Jumamosi Kuu, Apollinaire alikwenda kwa Papa Théodore kuomba aongezewe muda. Uani alimkuta ng'ombe anayemfahamu sana akila majani ya maharagwe. Lucien alikuwa amekalishwa kwenye kiti kizuri. Maman Eulalie, mgeni wa heshima, alikuwa anatafuna sambaza, vile visamaki vya ziwani.

"Umekuya muzuri!" alisema Papa Théodore. "Huyu kijana anaomba Mélanie. Anasema iko notable, mutu mukubwa wa Nyalubunda. Mi siijuake, lakini maman anasema wewe unaijua yote."

Apollinaire alimtazama Mélanie. Moyo ulimuuma, na safari hii haikuwa maigizo. "Na wewe unasema nini?"

"Papa aliomba ngombe," Mélanie akajibu. "Wewe ulikuwa unaniletea hadisi. Huyu alileta hadisi na ngombe."

Apollinaire akainama kwa Maman Eulalie, akanong'ona, "Maman, na kama ile chalet haiko?"

"Iwe, isiwe, nilishaiuzisha kwa commerçant mumoja wa duka, kule Kamituga. Kwa ngombe mbili. Ongea muzuri, ni ule pale anakunywa."

Apollinaire akafunga kifungo cha suti yake moja, akasimama.

"Nyalubunda," alianza, "iko muji ya batu elfu kumi na tano." Sauti ilimtetemeka, na wageni wakadhani amekumbuka kwao. Akaeleza dhahabu, akaeleza cinéma, akaongeza na hospitali. Alipofika kwenye tiketi ya babu, Lucien alilia kuliko siku zote.

Papa Théodore akavuta kiti karibu. "Apollinaire, hakubakiye chalet hata moja?"

"Umuulize mukwe wako, papa," alisema Apollinaire. "Yeye njo mwenye mulima."